Kioo Kilichopanguswa

Mlinzi alikuja hospitali moja kwa moja kutoka zamu, rungu kwapani, macho yakimwasha kama yametiwa mchanga. Bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa wingi wa maneno, alimkalia mapajani. Chini ya sikio lake la kulia palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa gololi. Hauumi, wala haupungui.

Marehemu mama yake alianza hivyo hivyo, pahala pale pale. Alipewa vidonge, akaambiwa njoo mwezi ujao. Mwezi ujao ukazaa mwezi ujao, mpaka Mola akamchukua. Tangu hapo Mlinzi hakuwa na salamu njema kwa yeyote anayekalia kiti cha kuzunguka.

"Hatukati," alisema daktari, dada kijana mwenye sauti iliyochoka kuliko umri wake. "Tunamchoma sindano nyembamba, tunavuta kidogo kilichomo, tunakipaka kwenye kioo. Hapo tutajua ni nini."

"Uvimbe ukichokozwa si unaamka?"

"Uvimbe haulali, mzee, hata uamke. Watu ndio wanaoletwa wamechelewa."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata hivyo Mlinzi akaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?" Kasuku aliuliza.

"Moja tu," baba alidakia kabla daktari hajafungua kinywa.

"Ikiuma nikuzabe kofi?"

"Nizabe. Ila usitikise shingo, wala usimeze mate."

Alimshika kichwa kwa viganja viwili. Daktari aliubana uvimbe kwa vidole, akaichomeka sindano, akaipeleka mbele na nyuma upesi upesi. Vidole vya miguu vya mtoto vilijikunja. Sindano ikatoka. Tone likadondoshwa kwenye kioo, kioo kingine kikawekwa juu yake, vikavutwa. Vyote viwili vikabaki na ukungu.

"Basi?" Kasuku alishangaa. "Aa, hata kofi hulistahili."

"Mhudumu wetu hayupo leo," daktari alisema. "Mzee, nipelekee hivi maabara, ng'ambo ya uwanja. Vishike pembeni."

Uwanjani Mlinzi aliviangalia vile vioo. Vichafu, vina kitu kama kamasi. Maisha yake yote alikuwa akifokewa madirishani: cheti kimekunjana, chupa ina vumbi, viatu vina tope. Leo hawatampata. Akatoa leso, akavipulizia pumzi, akavipangusa mpaka vikang'aa.

Mtu wa maabara, mwenye miwani mizito, alivinyanyua juu ya taa. Akavigeuza.

"Mbona vitupu?"

"Si vitupu. Nimevisafisha."

Yule bwana aliketi taratibu. "Umeufuta ugonjwa, baba yangu."

Njiani kurudi Mlinzi alikuwa ameshayapanga maneno. Nani humtuma mzazi wa mgonjwa kazi ya mhudumu? Nani aliniambia uchafu ule ndio mali? Alifika, akayamwaga yote. Daktari aliweka kalamu chini.

"Kweli, sikukwambia. Kosa ni langu."

Miaka yote alikuwa akilingoja neno hilo kutoka kwa mmoja wao. Alidhani likija litamshibisha. Lilipokuja, alitafuta tu pa kukaa.

Na Kasuku bado hajaambiwa.

"Sindano nyingine, mama."

"Ulisema moja!"

"Nilisema."

"Nani kaharibu?"

Mlinzi alimtazama daktari. Mzigo wa lawama daktari alikwisha kuubeba mwenyewe. Ungeweza kubaki pale pale.

"Mimi. Nilivipangusa."

Kofi lilimpata shavuni, dogo lakini la haki. Kisha mtoto akainua kidevu kuelekea dari. "Haya. Ila vioo apeleke mwingine."

Safari hii daktari alivipeleka mwenyewe.

Majibu yalitoka juma lililofuata: kifua kikuu cha tezi. Vidonge vya miezi sita, asiruke hata siku moja, atapona. Mlinzi hakushangilia. Macho yake yalikuwa kwenye sahani ya chuma yenye sindano kama ile.

"Sindano hii mliletewa lini?"

"Hii? Ni ya kawaida, mzee, ya kuchomea dawa. Ipo siku zote."

"Hata wakati wa mke wangu?"

Daktari aliisogeza sahani kando. "Sindano ilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kusoma kioo. Tuliomba, tukaomba."

"Alikuwa na ugonjwa huu huu?"

"Hatutajua, mzee wangu."

"Mlimwomba nani?"

Daktari alinyoosha kidole juu, ghorofani kwa wakubwa. Mlinzi akaitazama dari. Siku nyingine angezipanda zile ngazi na rungu lake. Lakini jioni ana zamu, na dawa mtoto anywe akiwa ameshakula. Akamshika mkono, wakatoka.

"Baba, mbona hunisemeshi?"

"Nimechoka, mama."

"Basi nitasema mimi, mpaka nyumbani."

Naye akasema.