Jiliwa la Bujiku

Hakuna fundi aliyekufa kati ya Kahama na Ushirombo ambaye Sabiti hakwenda kumzika. Wageni walimsifu kwa huruma yake. Wenyeji wa Nyahanga hawakudanganyika, walijua Sabiti haendi kuzika mtu, anakwenda kuangalia spana. Aliingia msibani na kanzu iliyopigwa pasi, akawapa wafiwa mkono, akaitikia dua kwa sauti kuliko wote, na macho yake yakawa yameshamaliza kukagua kilichotundikwa ukutani na kilicholala chini ya kitanda. Kisha akaanza utani.

Na kwenye utani hakuna aliyeweza kumgusa. Babu yake alikuwa Mzaramo, alikuja bara na misafara ya zamani, akaoa hukohuko na kuzikwa hukohuko. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu siku hizo za kubebeana mizigo njiani, na mtani msibani ni mfalme. Huwatukana wafiwa na kumtukana maiti. Hulala kaburini akakataa kutoka. Hubeba chungu, hubeba mbuzi, hung'oa hata mlango, na mwenye msiba hana ruhusa ya kununa. Siku ya tatu mfiwa hupeleka kuku au kikapu cha karanga, mtani hucheka, kitu kinarudi kwa mwenyewe. Waliouanzisha mchezo huo walikuwa na akili, maana mtu aliyeibiwa mlango husahau kidogo kwamba amefiwa.

Sabiti alikuwa hodari wa kubeba. Kurudisha ndiko kulikompiga chenga. Leo tupa, kesho koleo, mwaka ujao msumeno wa chuma, na watu waliona aibu kudai kitu kidogo kwa mtani, wakanyamaza. Vingine alivipata kwa Wazungu watafuta dhahabu waliotoka Geita wamechoka, mifuko mitupu, akawapa mbuzi na mahindi ya njiani wakamwachia nyundo na jeki. Kila chombo alikisugua kutu kwa mchanga, akakipaka mafuta, akakitundika kwenye msumari wake. Mke wake Mwaisha alisema, tena mbele ya watu, kwamba lau angezaliwa spana angepakwa mafuta na yeye.

Vyombo vyote vilikuwa kwa ajili ya lori. Lori lenyewe lilitokana na malori matatu yaliyokufa: injini ya lile lililopinduka korongoni, fremu ya lile lililoungua, magurudumu ya lile ambalo kuku walikuwa wakitagia ndani. Aliyemsaidia kuliunganisha miaka mitatu mfululizo, bila malipo ila matusi, alikuwa mtani wake Bujiku, mhunzi wa Kisukuma aliyejifunza magari kwa kuyafungua tu. Bujiku alikuwa na jiliwa, kile chuma cha meno mawili kinachobana chuma kingine kikatwe au kitobolewe. Lilikuwa jiliwa kubwa, zito kama ndama, alilopewa na padri mmoja wa Ushirombo kwa kumtengenezea kengele. Sabiti alilipenda jiliwa lile kuliko alivyompenda mwenyewe.

"Ukifa nalichukua," alikuwa akimwambia.

"Mtumwa wangu wewe," Bujiku alimjibu, "babu yako tulimbeba mgongoni toka Tabora akilia njaa. Chunga hendeli ya lori lako kwanza. Ina teke la punda hiyo, itakuvunja mkono. Lisukumeni tu."

Na kweli, lori halikuwashwa kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Kila asubuhi majirani walikuja kulisukuma kwenye mteremko wa Nyahanga, watani mbele, huku wakimwimbia Sabiti nyimbo za kumtukana. Hiyo ndiyo ilikuwa betri yake.

Siku moja springi ya lori ilifyatuka, ikamchana Bujiku unyayo. Jeraha dogo. Alilifunga kwa kitambaa cha mafuta akaendelea na kazi. Siku ya tisa alikufa kwa pepopunda, meno yamebanana, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kufunga mdomo.

Sabiti alikwenda. Alilala kaburini, akasema hatoki mpaka marehemu aamke amalizie breki. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kisha akaingia bandani, akalifungua jiliwa kutoka kwenye gogo lake na kutangaza kwamba maiti wa Kisukuma hahitaji chombo cha mtu mwenye akili. Vijana wa msibani walimpakilia wenyewe kwenye mkokoteni. Limi, mjane wa Bujiku, alicheka mpaka akakaa chini, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mumewe aanze kukakamaa.

Siku ya tatu Limi alileta jogoo mweupe. Sabiti akamchinja, akamla, akasema huyo amekomboa msumari mmoja, jiliwa linataka ng'ombe. Limi akacheka tena. Wiki iliyofuata akaleta karanga. Sabiti akazila. Mara ya tatu Limi alikuja mikono mitupu pamoja na shemeji yake Makoye, mdogo wa marehemu, aliyetaka kuishika kazi ya kaka yake ili watoto wapate kula.

"Mtani, mchezo umetosha," alisema Makoye. "Tupe jiliwa."

"Liko kazini," alisema Sabiti, na safari hii hakutabasamu.

Makoye akamshika Limi mkono, wakaondoka. Baada ya mwezi akaenda Geita kubeba mawe kwenye machimbo ya watu, na Limi akabaki na jembe. Lakini asubuhi za kusukuma lori Limi alikuja kama kawaida. Utani haususwi kwa sababu ya chuma, hivyo ndivyo alivyolelewa. Isitoshe alimpenda mama yake Sabiti, Bi Mwanaidi, kikongwe aliyekuwa hoi kitandani. Alimwita mayu, kama binti wa Kisukuma amwitavyo mama yake, akampelekea michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, iliyochemshwa laini asitafune.

Bi Mwanaidi alikuwa na neno moja tu siku hizo. "Rudisha jiliwa la watu, Sabiti. Nitazikwa na watu hawa."

"Mama, pumzika," alisema Sabiti.

Basi Mzungu wa mgodi wa Geita akaleta habari. Alikuwa na mashine zake stesheni ya Shinyanga. Mwenye lori ambaye angefika Jumatatu kabla ya jua kuchwa, akazipakia, na kuzifikisha mgodini Jumatano, huyo angepewa kazi ya kubeba mizigo yote ya kiangazi. Atakayechelewa asijisumbue tena. Sabiti alifunga nati ya mwisho ya breki Jumapili. Miaka sita ya kuokota na kusugua ilikuwa imefika pale ilipokuwa ikienda.

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, Bi Mwanaidi alikata roho.

Mwaisha alifungua kinywa kulia. Sabiti alikiziba kwa kiganja. Niseme wazi: alikuwa na uchungu, alimpenda mama yake. Lakini akilini mwake lilikuwa limeshapita jambo jingine. Kilio kikisikika tu, watani watajaa uani. Watachukua hendeli, watachukua magurudumu, watalibeba jiliwa na kila chombo kwenye msumari wake. Ni haki yao. Na kama watafanya alivyofanya yeye? Mwizi hukosa usingizi kwa kuogopa wezi. Ila lori likirudi na mashine za Mzungu mgongoni, hakuna mtani atakayelisogelea, mali ya mgodi si mchezo.

"Usilie mpaka nirudi kesho," alimwambia mkewe. "Funga dirisha. Ukilia, talaka yako hii hapa."

"Sabiti, maiti haisubiri. Na joto hili!"

"Atasubiri. Ni mama yangu, atanielewa."

Akamfunika uso, akatoka nje akijipangusa macho. Majirani walikuwa wameshafika kusukuma, na Makoye alikuwamo, amekuja kupumzika kutoka machimboni na kifua chake kikikohoa vumbi.

"Mwangaluka, mla panya!" Limi alimsalimu. "Leo mbona macho mekundu? Umelilia jiliwa letu?"

"Sukumeni, watumwa wangu, msichezee kazi," alijibu Sabiti. Sauti ilitoka sawasawa.

"Mayu ameamkaje?"

"Hajambo. Amelala."

"Basi tusipige kelele," alisema Limi, akawageukia wenzake akiwa ameweka kidole mdomoni. Wakalisukuma lori kimya kimya, hatua kwa hatua, bila wimbo, wasimwamshe bibi. Injini ikashika chini ya mteremko. Sabiti hakugeuka nyuma.

Alifika Shinyanga jua likiwa bado juu. Mzungu alizunguka lori mara mbili, akapiga fremu teke, akaguna, akaamuru mashine zipakiwe. Sabiti alilala chini ya lori lake. Jumanne makuli wa stesheni walimsukumia lori, akaanza safari ya kurudi, na Tinde akasimama, injini ikiunguruma, akanunua majogoo wawili wembamba. Hao ndio wa kuwapoza watani. Alivyowachagua wembamba ndivyo alivyojiona mjanja.

Mwaisha alikaa na maiti chumba kimefungwa mpaka Jumatatu jioni. Alikaa akipunga nzi kwa kanga, hakula, hakulia. Limi ndiye aliyekuja na bakuli la michembe, akabisha hodi, akasikia harufu kabla ya jibu. Alisimama mlangoni na bakuli lake. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Tulipokuwa tunasukuma?"

Mwaisha aliitikia kwa kichwa, na hapo ndipo kilio chake kilipotoka.

Wanawake wa mjini walimwosha Bi Mwanaidi na kumvika sanda. Makoye na Wasukuma wenzake walichimba kaburi, wakalichimba zuri, kuta zimenyooka. Walimzika Jumanne asubuhi. Hakuna aliyelala kaburini na hakuna aliyemtukana marehemu. Wageni walisema haujaonekana msiba wenye adabu kama ule.

Sabiti aliingia Nyahanga alasiri akipiga honi. Umati alioutegemea kuja kulishangaa lori hakuuona. Alizima injini kwa mazoea, akashuka na majogoo wake mkononi. Uani palikuwa pamefagiwa. Aliangalia banda kwanza, kabla ya nyumba, naye alijiona akifanya hivyo. Kila spana ilikuwa kwenye msumari wake. Tupa zilikuwapo, msumeno ulikuwapo. Jiliwa lilikuwa limefungwa palepale kwenye gogo, na mtu alikuwa amelipangusa vumbi.

Wasukuma walikuwa wamekaa mkekani. Walipomwona wakasimama wote.

"Shikamoo, Bwana Sabiti," alisema Limi, na kupiga magoti kidogo, kama mtu amsalimuye akida. "Pole kwa msiba."

Miaka kumi mwanamke huyu hajamwita bwana.

"Nyie wala panya," alisema, akijilazimisha kucheka, "mmemaliza ubwabwa wangu wote, sasa mnaniamkia? Haya, nimewaletea jogoo. Mmebeba nini?"

"Hatukubeba kitu, bwana," alisema Makoye kwa upole. "Tumeshiba. Ahsante."

"Mbona hamkubeba? Mama yangu amekufa! Ni haki yenu!"

Sabiti aliwatupa majogoo, akaingia bandani, akalifungua jiliwa kwa mikono iliyoteleza, akalikumbatia na kulitua miguuni pa Limi kwa kishindo. "Chukua. Chukua na hendeli. Ng'oeni magurudumu, nasema! Nitukaneni!"

Limi alilitazama jiliwa. Alilijua kila kovu. Uso ulimcheza mara moja, halafu ukatulia.

"Anayechukua ni mtani, bwana," alisema. "Sisi tulikuja kuzika jirani. Tumeshamzika."

Wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja akimpa mkono wa pole, wakaondoka kwa njia yao. Mwaisha alitoka nyumbani na sanduku lake kichwani, akapita katikati ya mume na jiliwa. Talaka Sabiti alikuwa ameshaitamka mwenyewe, na kwa kuwa Mwaisha alilia, aliona ameipata.

Mzigo ulitakiwa Geita kesho yake. Sabiti alisimama barabarani akawaita majirani wa pande zote nne, wa dini zote. Wengine walikuwa shambani, wengine miguu iliuma, na kila aliyekataa alisema "bwana" na kuomba radhi. Mteremko ulikuwa hatua thelathini mbele, na lori lenye mashine mgongoni mtu mmoja halisogezi hata kidole. Basi akachomeka hendeli. Akazungusha mara moja, mbili. Mara ya tatu injini ikakohoa, hendeli ikarudi kwa nguvu, na mfupa wa mkono wake wa kulia ukakatika kwa mlio uliosikika ng'ambo ya barabara.

Alianguka magotini akipiga ukelele. Limi alikuwa akipita barabarani na ndoo ya maji. Aligeuka, akamwona, akauona na mkono unavyoning'inia, na lori, na jiliwa lililolala uani. Siku zote hizo za nyuma angesema kitu. Angesema punda amemtambua mwenzake, au Bujiku amemsalimu toka huko aliko, na Sabiti angelia huku akicheka, na watu wangekuja mbio. Sabiti alimtazama akisubiri, akimwomba kwa macho amtukane hata tusi moja.

"Pole sana, bwana," alisema Limi, akaendelea na safari yake.