Masale Kwenye Kona

Kwa asubuhi tatu, kabla shule haijafunguliwa, Mwalimu Salvina alisimama kwenye njia panda ya kupandia Old Moshi akihesabu magari. Katika kila ishirini, kumi na saba yalikata kona bila kupunguza mwendo, kwa sababu kona ilikuwa imepanuliwa kwa changarawe hadi pale watoto wanaposubiri kuvuka. Hapo ndipo Gidioni, muuza maziwa, alipogongwa pamoja na baiskeli yake. Mguu wake bado ulikuwa kwenye hogo la plasta.

Karatasi ya hesabu aliipeleka kwa Injinia Primus wa barabara, mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sogeza mawe ya ukingo mita tatu, kona ibane. Shule inafunguliwa Jumatatu."

Primus alitabasamu kwa ule upole ambao watu wa ofisini huwawekea wastaafu. "Tatizo ni elimu, Mwalimu. Tumeagiza bango: Vuka kwa Uangalifu."

"Gidioni hakuwa anavuka. Alikuwa amesimama."

"Litakuwa na rangi mbili."

"Hata darasani ulikuwa hivihivi. Jibu unaliandika kwa mwandiko mzuri, swali hulisomi."

Bango lilisimikwa Ijumaa, juu ya changarawe. Jumamosi lori lilikata kona, likalilaza kifudifudi. Bango nalo halikuwa linavuka.

Jumapili baada ya ibada, Salvina alipima mita tatu kwa kamba, akapanda masale kufuata upinde wa kona, shina kwa shina. Hakuamini kwamba mmea huo wa mipaka na wa kuombea msamaha humwandama kwa laana anayeung'oa. Ila kwa miaka sitini na miwili hakuwahi kumwona mtu wa mlimani akithubutu, na huo kwake ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Jumatatu alfajiri Primus alifika na vibarua wawili. Walipoyaona majani, waliweka majembe chini.

"Ng'oeni!"

"Anza wewe, bosi," mmoja alisema. "Kwani wewe si wa hukuhuku?"

Primus aliinama, akanyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. Nyuma yake gari lilifika konani, likakanyaga breki, likayazunguka masale polepole kama linapita penye msiba. Watoto wakavuka.

"Mita tatu," alisema Salvina. "Nilikuambia. Kumbe ulikuwa unasubiri majani."