Mikono Miwili ya Kulia

Glavu za mama zilitoboka za mkono wa kulia tu. Kila Ijumaa, akishamaliza kupiga deki ofisi za ghorofa ya pili, alizitia kwenye mfuko mkubwa pamoja na mafagio yaliyonyonyoka akampelekea bintiye, ambaye alitengeneza sanamu kwa kuunga kwa waya vitu vilivyotupwa.

Ndiyo maana sanamu ya mama ilipokamilika ilikuwa na mikono miwili ya kulia. Kichwa kilikuwa ndoo iliyopasuka, nywele matambara ya deki. Mgongo ulikuwa wa mipini kumi na minne, mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi bila barua ya ajira.

"Mbona umenikunja mgongo hivi?" mama aliuliza.

"Nimeukuta hivyohivyo, mama."

Meneja aliiomba akaiweka mapokezi. Kibao chake kilisema: Tunathamini Kila Mfanyakazi. Wageni walipiga picha.

Jumanne saa nne sanamu ilipanda ngazi. Ilipita ofisi ya utumishi, ikachukua barua ya ajira ya mama, ambayo ilikuwa imekosa saini tu, kisha ikaketi kwenye kiti cha meneja na kuiweka mezani. Karani alisema ilibisha hodi vizuri, kuliko wengi.

Meneja aliomba apishwe. Haikumpisha. Fundi alikuja na koleo, lakini kila waya aliokata uliungana kabla hajaugusa wa pili. Akaomba ruhusa akale.

Mama na bintiye waliitwa. "Mama," meneja alisema, "mwambie mwenzako ainuke. Tuongee kama watu wazima."

"Mwenye sanamu huyu hapa. Ongea naye."

Binti aliangalia viatu vyake. Sauti ilitoka ndogo, ila ilitoka.

"Atainuka ukisaini."

"Wiki ijayo."

"Basi na yeye wiki ijayo."

Kiti kingine kililetwa. Sanamu iliweka miguu juu yake.

Siku hizi meneja husaini karatasi zake akiwa amesimama, ameziegemeza kwenye kabati. Anasaini nyingi. Ile moja bado iko mezani, na mama bado ni kibarua. Kila asubuhi anapofagia ofisi hiyo, sanamu huinua miguu yake apite. Meneja naye huinua yake, mmoja mmoja, maana hana pa kukaa, na mama akifika hapo hana haraka kabisa.