Neno la Msimu wa Korongo

Katika Chuo cha Aldersley, msimu wa lakrosi ya wanawake, ule mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye nyavu, hauanzi kwa mpira. Unaanza kwa neno. Mkurugenzi wa michezo, Bwana Preston Ludlow, ambaye maishani mwake hajawahi kushika fimbo yoyote isipokuwa ya gofu, aliamua zamani kwamba timu isiyo na neno ni timu isiyo na roho. Mwaka jana neno lilikuwa Njaa. Wasichana wakavalishwa fulana zilizoandikwa NJAA kifuani, wakafungwa karibu kila wiki, na hadi leo walinzi wa chuo wanafutia magari kwa fulana hizo.

Mwaka huu akaletwa mtaalamu kutoka Boston, Bi Marin, mwanamke mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Akawakalisha wasichana kwenye mikeka, akazima taa, akawaambia wapumue mpaka neno lije lenyewe. Kocha Maribeth Dombroski alikaa pembeni na goti lake bovu, akapumua pamoja nao huku akiwaza jinsi ya kuziba pengo la ulinzi upande wa kushoto. Mmoja akasema Upendo. Akaambiwa timu ya kuogelea imeshalichukua. Mwingine akasema Ushindi. Bi Marin akakunja uso, eti neno hilo lina fujo ndani yake. Mwishowe Sloane Whitcomb, mfungaji wao mkuu, aliyekuwa na miadi ya kutengeneza nywele, akasema Unyoofu ili watu waende zao. Bi Marin akatokwa na machozi. Wiki haikupita, UNYOOFU ilikuwa kwenye fulana, kwenye chupa za maji, na kwenye bango refu kama basi lililotundikwa juu ya uzio wa kiwanja.

Siku bango lilipotundikwa, Ludlow alimwita Maribeth ofisini akampa kahawa. Kahawa ya Ludlow, ole wako ukipewa. Alimwambia kwa tabasamu kwamba chuo kinampenda mno, kwamba yeye ni sehemu ya familia, na kwamba mkataba wake unakwisha Juni. Timu ikiingia nne bora za ligi, mambo safi. Isipoingia, chuo kitalazimika kutazama upande mwingine. Watu wa Aldersley hawafukuzani kazi, jamani, wana adabu zao. Wanatazama tu upande mwingine, na wewe unabaki umesimama nje na kiboksi cha vitu vyako.

Kwa nafsi yake Maribeth asingehangaika sana. Angeweza kufundisha popote Maryland, hata watoto wa shule ya msingi. Kilichomkaa kooni ni Delaney, binti yake wa pekee, aliyemlea peke yake tangu baba mtu alipohamia Oregon kutafuta utulivu. Delaney alikuwa amekubaliwa kuingia Aldersley vuli ijayo, na mtoto wa mfanyakazi anasoma pale bila kulipa karo. Karo yenyewe ni ile ambayo ukiitaja mezani, mtu anadondosha kijiko. Mama akimwaga unga, mtoto naye safari imekwisha. Delaney hakujua lolote kuhusu ile kahawa. Alikuwa ameshaanza kulala na sweta ya chuo, na shule nzima ilijua kwamba atachezea Korongo, timu ya mama yake.

Machi ilikuwa chungu. Korongo walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa na chuo cha mapadri ambacho hakina hata kiwanja chake. Beki mmoja hakutokea kwa sababu farasi wake alikuwa na homa. Kipa alitaka kuacha akasome uchoraji Florence. Na wazazi, loo, wazazi! Wazazi wa lakrosi hawakai jukwaani kama binadamu wengine. Wanafungua buti za magari yao nyuma ya kiwanja, wanatandika vitambaa vya meza, wanapakua supu ya kaa na jibini inayonuka, na mvinyo wanaunywa kwenye vikombe vya kahawa kwa kuwa pombe imepigwa marufuku chuoni. Baba yake Sloane, Bwana Whitcomb, daktari wa kunyoosha meno, alimjia Maribeth baada ya kila mechi na kitambaa cha karatasi alichokichorea mpango mpya wa mashambulizi. Maribeth alivipokea vyote, akashukuru, akafutia pua.

Aprili mambo yakageuka. Korongo wakashinda, wakashinda tena, na Sloane akawa hashikiki. Mabeki walimgonga fimbo kutoka kila upande, mpira haudondoki. Ludlow akasema ni nguvu ya neno. Bi Marin akapiga simu kutoka Boston kusema hivyohivyo, na kuulizia kandarasi ya mwakani.

Maribeth alijua ni nguvu ya nini. Kwenye kichwa cha fimbo ya lakrosi kuna mfuko wa nyavu unaobeba mpira, na sheria ya wanawake inataka mfuko huo uwe wa kina kifupi, mpira uonekane juu ya ukingo. Kabla ya mechi mwamuzi anakagua fimbo zote. Sloane alikuwa akikaza kamba kwa ukaguzi, kisha anazilegeza akienda kunywa maji, mfuko unashuka na mpira unalala humo usingizi wa pono. Akifunga goli anazivuta tena kabla ya mtu kuangalia. Ni kosa, tena kubwa: aliyefunga hatakiwi kugusa kamba mpaka mwamuzi aridhike, na akizigusa, goli linafutwa. Lakini nusu ya ligi inafanya hivyo, na makocha wana mila yao ya miaka mingi ambayo haikuandikwa popote. Wewe huombi fimbo ya mchezaji wangu ikaguliwe, mimi siombi ya wako, na sote tunabaki mabibi waheshimiwa. Sloane alipokuwa akienda kwenye chupa za maji, Maribeth aliinama kufunga kamba za viatu. Msimu ule viatu vyake vilikuwa vimefungwa barabara kuliko vya askari.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Wrexley. Atakayeshinda anaingia nne bora. Atakayeshindwa anarudisha jezi. Ilikuwa pia siku ya kuwaaga wa mwaka wa nne, kwa hiyo kabla ya mchezo kila msichana alitembezwa na wazazi wake akiwa na shada la maua, huku msemaji akisoma kwenye kipaza sauti mambo atakayoyakumbuka chuoni. Watano walisema watakumbuka unyoofu. Bwana Whitcomb alilia kwa sauti, kikombe cha kahawa mkononi.

Kocha wa Wrexley alikuwa mgeni kwenye ligi, binti mdogo aitwaye Hadley Pruitt, mwaka wake wa kwanza. Kabla ya mechi alikuja kumsalimu Maribeth kwa mikono miwili. Alisema akiwa shuleni aliwahi kuhudhuria kambi ya Maribeth ya kiangazi, na alichokiokota pale ndicho kilichomfanya awe kocha. Maribeth hakumkumbuka hata kidogo, akamwambia anamkumbuka vizuri sana.

Wakachezeana kibabe. Dakika zikaisha wakiwa sare, wakaingia za nyongeza, ambapo goli la kwanza ndilo la mwisho. Delaney alikuwa ameegemea uzio chini ya lile bango, amevaa sweta yake, kucha mdomoni. Kipa aliyetaka kwenda Florence akaokoa mpira wa hatari, akautupa mbele, Sloane akaudaka, akapita wawili, wa tatu akamgonga fimbo mpaka ikalia, mpira umetulia. Akafunga. Korongo wote wakaja mbio kumrukia, na kabla hawajamfikia Maribeth aliyaona macho ya Sloane yakishuka kwenye fimbo, na mkono wa kulia ukivuta kamba.

Hadley Pruitt alikuwa ameuona pia. Maskini, mila hakuijua. Akaenda moja kwa moja kwa mwamuzi, akaomba fimbo ikaguliwe.

Nyuma kule, kwenye magari, vijiko vikasimama. Mwamuzi, Bi Lorna Teague, mwanamke wa makamo aliyewahi kumchezesha Maribeth mwenyewe akiwa mwanafunzi, akachukua fimbo, akaweka mpira mfukoni, akaiinua usawa wa macho. Mpira ukaonekana juu ya ukingo. Fimbo halali. Hadley akasema kwa heshima kwamba ni halali sasa, kwa kuwa kamba zimevutwa, amemwona kwa macho yake. Wazazi wakaanza kuzomea, kistaarabu, kwa kuguna.

Bi Lorna akamjia Maribeth, akamvuta kando.

"Maribeth, mimi nilikuwa nimewageuzia mgongo, naandika goli," alisema. "Sikuona kitu. Mwenzangu naye hakuona. Wewe ulikuwa umewaelekea. Ukiniambia binti hakugusa kamba, nafunga mchezo, twende zetu."

"Na nikisema kagusa?"

"Nafuta goli, mnaendelea. Sloane anatoka nje. Kazi yangu unaijua."

Maribeth akatazama kiwanjani. Wasichana wote walikuwa wamesimama wakimwangalia, neno lile limewajaa vifuani. Sloane alikuwa amepauka. Bila Sloane hawana mfungaji. Bila mfungaji hakuna nne bora. Nyuma ya uzio Ludlow alikuwa amesimama karibu na Delaney, mkono begani mwa mtoto, baba mlezi kweli. Maribeth alitamani, kwa moyo wake wote alitamani, kwamba msimu ule angeinamia viatu mara moja zaidi, asiwe na habari. Sasa alikuwa nazo, na mtu mmoja alikuwa amemwuliza waziwazi.

"Hakugusa," alisema.

Bi Lorna akamwangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akapuliza kipenga.

Basi hapo ikawa shangwe. Ludlow akanyakua kipaza sauti akasema kwamba siku zote kuna watakaotutilia shaka, na kwamba unyoofu si neno la kwenye fulana, ni maisha. Akatangaza hapohapo kwamba chuo kitaliandika jina la Kocha Dombroski ukutani, kwenye ukumbi wa michezo, na kwamba mkataba wake mpya atausaini Jumatatu. Bwana Whitcomb akasema wazi mbele ya wote kwamba watu wa aina ya kocha wa Wrexley wanaharibu mchezo wa watoto. Sloane akampa Maribeth shada lake la maua, akamkumbatia, na hakuweza kumtazama usoni.

Aliyemwumiza zaidi ni Hadley. Alimngoja mpaka wazazi wametawanyika, akaja peke yake, macho mekundu, akaomba radhi. Alisema lazima macho yake yalimdanganya, kwa sababu anamjua Maribeth, na Maribeth hawezi kusema uongo kwa jambo kama lile. Asubuhi itakayofuata atamwandikia Sloane pia. Maribeth akamwambia yamekwisha, wala asijali, haya hutokea. Alijisikia mchafu, akatamani binti yule angemtukana tu akaondoka.

Delaney alikuwa tayari kwenye gari, ameweka miguu juu ya dashibodi. Maribeth akaweka maua kiti cha nyuma, akaingia, wala hakuwasha. Mtoto anacheza lakrosi tangu darasa la kwanza na alikuwa amesimama pale kwenye uzio. Haiwezekani awe hakuona. Maribeth akaupanga moyo wake kwa karipio. Alilihitaji, hata. Delaney akimwambia ona aibu, angemweleza kila kitu, kahawa ya Ludlow, karo, yote, na pengine Jumatatu angekwenda kusema ukweli wake na liwe liwalo.

"Mama," Delaney alisema.

"Niambie, mwanangu."

"Umemjibu vizuri yule mwamuzi. Mimi ningecheka." Akashusha miguu. "Ila Sloane ni mzembe. Kavuta kwa mkono wa kulia, upande uleule aliosimama kocha wao. Mwakani nikianza kufunga mimi, sitaki uingizwe kwenye mambo kama haya. Sasa mtu anavutaje bila kuonekana?"

Maribeth akamwambia afunge mkanda. Delaney akafunga, akageuka akamtazama mama yake, akingoja jibu kwa adabu, jinsi alivyofundishwa kumsikiliza mwalimu. Maribeth akawasha gari, akatoka polepole, wakapita chini ya bango, wakapita lango la chuo. Wazazi wa mwisho waliwapigia honi na kuwapungia. Kwenye taa za barabara kuu wakasimama, taa nyekundu, na bado mtoto alikuwa anamtazama.

"Mkono wa kushoto," Maribeth alisema. "Ngoja mpaka wakukumbatie. Na usiitazame fimbo."