Kamshafti Mbili na Bibi Harusi Mmoja

Niliposema nataka kaka zangu wote wawili wanipeleke ukumbini, sikujua kwamba naomba ugomvi wa injini unifuate hadi ndani ya shela. Baba ametangulia mbele ya haki, na siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: Mbaruku mkono wa kulia, Haruna mkono wa kushoto, niingie nao ukumbini Mnazi Mmoja watu wakiona. Lakini wale hawakuwa wakipanda gari moja. Wana gereji Gerezani, ukuta kwa ukuta, na chai ya mama lishe yule yule wanaifuata kwa kuchunguliana wasikutane.

Kisa ni kamshafti. Nitaeleza mara moja tu, maana mimi nimeelezwa mara elfu. Ndani ya injini kuna chuma kinachozunguka na kufungua valvu. Hiyo ndiyo kamshafti. Gari la mashindano la Haruna, Mjapani mwekundu, lina kamshafti mbili na zimekaa juu kabisa, zinafungua valvu zenyewe. La Mbaruku, Mmarekani mweusi wa silinda nane, lina moja tu, imejificha chini tumboni, inasukuma vijiti virefu vinavyopanda hadi kwenye valvu. Vijiti hivyo ndivyo pushirodi. Yaani Haruna anaishi ghorofani na anafungua dirisha kwa mkono wake. Mbaruku yuko chini, analisukuma kwa mpini wa fagio. Watu wazima, wenye wake na watoto, wamenuniana kwa ajili ya mpini wa fagio!

Shangazi Maimuna akakata shauri: nusu ya safari nipande kwa Haruna, nusu kwa Mbaruku. Wakakubali, na wiki nzima Gerezani ikawa ngurumo tupu. Haruna alifunga klachi ya resi. Mbaruku alifunga kamshafti kali kuliko ile ya zamani. Hakuna aliyekumbuka jambo ambalo Kariakoo nzima inalijua: msafara wa harusi unaongozwa na pikapu ya matarumbeta, na pikapu hiyo haina haraka na mtu.

Ndoa ilishafungwa mchana. Baada ya alasiri tukatoka saluni Mtaa wa Msimbazi, mimi na shangazi ndani ya Mjapani. Mjapani huyo ana nguvu, sikatai, lakini nguvu zake zinaamka injini ikishapiga kelele. Chini ya hapo amelala fofofo. Haruna akiachia klachi taratibu, gari linazima. Akilikanyagia mafuta, linaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

"Kaka, taratibu basi!"

"Hii haijui taratibu, mdogo wangu. Hii inataka elfu sita."

"Elfu sita?" Shangazi akafungua pochi. "Si ungesema mapema, mwanangu."

"Mizunguko, shangazi! Mizunguko ya injini!"

Mkokoteni wa vitunguu ukatupita. Mwenye nao akageuka na kuniangalia kwa huruma. "Hongera dada! Nikuvute?"

Harufu ya klachi inayoungua ikajaa garini, na kwenye kona ya Mtaa wa Uhuru Mjapani akakata roho.

Mbaruku alikuja kunifungulia mlango akitabasamu hadi jino la mwisho. "Karibu kwa wakubwa." Na haki ya Mungu, Mmarekani alienda. Hata mafuta hayakanyagwi, anatambaa tu nyuma ya matarumbeta. "Umeona, Sitara? Nguvu za chini hizi!" Tatizo ni ile kamshafti kali. Gari likienda polepole lilikuwa linatetemeka lote, viti, vioo na meno yangu. Kope yangu ya bandia ya kushoto ikadondoka mapajani mwa shangazi, naye akapiga yowe, akavua kiatu na kuiua.

Halafu joto. Silinda nane, jua la Kariakoo, upepo hakuna. Rejeta ikachemka, mvuke ukafunika mauaridi ya kwenye boneti, na Mmarekani akazima mbele ya duka la masufuria.

Haruna, aliyekuwa anatufuata kwa miguu, akacheka mpaka akashika mbavu. Mbaruku akamwambia ananuka klachi. Wakaanza: juu, chini, vijiti, mikanda, hadi wauza masufuria wakagawanyika pande mbili. Mimi nikalia. Nililia kweli, siyo kile kilio cha kupigia picha.

"Baba hayupo," nikawaambia. "Niliomba kaka wawili. Mmeniletea injini mbili, na zote mbovu!"

Nikakusanya gauni langu, nikapanda pikapu ya matarumbeta, nikakalia ngoma kubwa. Shangazi akapanda kwa dereva, anaitwa Zakayo. Nikagonga kioo na kumuuliza, kwa hasira tu, kama injini yake ina kamshafti za juu au ni ya pushirodi.

"Mimi sijawahi kufungua boneti, dada," akasema. "Nikifungua nitaiharibu."

Tukaondoka. Kugeuka nyuma, nikawaona kaka zangu wanakimbia, kanzu wamezishika magotini, bega kwa bega. Moyo wangu ukalainika. Nikajua wanakuja kuniomba radhi.

"Sikiliza huo mlio!" Haruna alikuwa akipiga kelele. "Kamshafti ya juu hiyo!"

"Chini! Hayo masikio au mapambo?"

Zakayo akapunguza mwendo, wakadandia. Tangu tumzike baba, hilo ndilo lilikuwa gari la kwanza wao kupanda pamoja, na nilifurahi ingawa nilikuwa nimewanunia.

Mlangoni nikawashika, huku Mbaruku ananuka rejeta, huku Haruna ananuka klachi. "Atakayetaja injini kabla sijakaa, simjui." Wakaitikia kwa vichwa. Tukaingia. Vigelegele vikapasuka, na kule jukwaani mume wangu Abdulswamad akasimama, msafi, hana hata tone la jasho. Yeye alikuja kwa basi la mwendokasi.

Katikati ya ukumbi nikamgeukia Haruna. Alikuwa analia.

"Baba angefurahi," akanong'ona.

"Angefurahi sana," akajibu Mbaruku, machozi yakimwingia kwenye ndevu. Tukapiga hatua kadhaa, akaongeza: "Marehemu alikuwa mtu wa pushirodi."

"Muongo! Baba alikuwa mtu wa kamshafti za juu!"

Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Nilicheka hadi nikashindwa kutembea, ikabidi waninyanyue, kila mmoja upande wake, wakanibeba hadi jukwaani huku bado wanabishana.