Kiitikio cha Juu

Chiriku alikiona kibano wakati kaka yake ameshapiga nyuzi za kwanza. Kile kichuma cha kubania shingo ya gitaa kilikuwa kimesogezwa juu, mbali na pale walipokifunga mazoezini. Maana yake ilikuwa moja tu: wimbo umepandishwa, na yeye hakuambiwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Mwenye ukumbi mwenyewe alikaa safu ya mbele, mikono kifuani, mfano wa mtu anayepima nyama buchani.

Ndugu hawa wawili walinyonya ziwa moja na kupenda muziki mmoja, nyimbo za kantri, lakini kwa waimbaji walikuwa mbingu na ardhi. Kaka alimpenda anayepanda juu na kuganda huko mpaka mishipa ya shingo imtoke. Chiriku alimpenda anayeimba kama anamnong'oneza mtu mmoja siri, na sauti ikamkatika kidogo mwishoni mwa neno.

"Hiyo si sauti, ni mlango unaolilia mafuta," kaka alizoea kusema.

"Na mwimbaji wako ni king'ora cha zimamoto."

Wakacheka. Kicheko kilikwisha siku mwenye ukumbi alipowaahidi ziara ya miji mingi, kwa sharti kwamba kiitikio kiimbwe juu. Chiriku alijaribu. Alisukuma, akasukuma, hadi koo likavimba na sauti ikamkauka kabisa, akawa anazungumza na mwanawe kwa mikono. Daktari alimwonya asirudie. Hapo ndipo kaka alipokubali kushusha wimbo. Kumbe alikubali mdomoni tu.

Ubeti wa kwanza ukapita salama. Kiitikio kikawa kinakuja mbio. Chiriku akamtazama kaka yake. Kaka akatazama nyuzi. Mwenye ukumbi akainama mbele kwenye kiti chake. Chiriku akapiga hesabu. Akinyamaza, aibu. Akipiga ukelele, huenda asiimbe tena maishani.

Akavuta pumzi, akasogea karibu na maikrofoni, akashuka. Alishuka hadi kwenye sauti ya chini, mahali pa kaka yake, ambaye siku zote alimwitikia huko. Kiti kimoja hakikaliwi na wawili. Kaka ikambidi anyamaze au apande mwenyewe. Akapanda. Alilishika neno la kwanza, la pili likampasukia katikati, la tatu akalikokota kama gunia. Mtu mmoja alikohoa. Walipomaliza, makofi yalikuwa ya kupigiwa mgeni asiyejulikana.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, kaka aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Na wewe umenipandishia wimbo kimyakimya. Nani kamvua nani?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Kaka akajibwaga kwenye kiti. "Nilidhani koo limepona, mdogo wangu. Nilidhani ukibanwa kidogo utafika."

"Na kama ningepasuka koo? Mwanangu ningemwita kwa filimbi?"

Kabla hajajibu, mwenye ukumbi aliingia bila hodi. Alimpita Chiriku kama anayepita kabati.

"Kijana, gitaa lako nalitaka. Mwimbaji nitakutafutia mwingine, mwenye mapafu."

Chiriku alisubiri neno moja tu kutoka kwa kaka yake. Kaka alijipangusa uso.

"Nipe hadi kesho, bosi."

Walirudi pamoja hadi mlangoni kwa Chiriku.

"Nenda," Chiriku akamwambia.

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Ungekataa palepale ningebaki na wewe hata tuimbie kuku. Lakini moyo wako umeshapanda gari, kaka. Ufuate."

Akaenda.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Chiriku alikuwa anamenya viazi redio ilipopiga wimbo wa kaka yake. Binti mpya, aliyechukua nafasi yake, aliishika ile sauti ya juu muda mrefu, laini kama kioo. Chiriku alisikiliza, kisu kimesimama mkononi. Kisha akasikia, mwishoni kabisa, mkwaruzo mdogo ambao wengine wangeusifia. Alikuwa anaujua mkwaruzo ule. Akampigia kaka yake simu.

"Dada wa watu anaumwa koo," alisema, hata salamu hajatoa.

"Anakohoa," kaka akakiri. "Tangu wiki iliyopita."

"Shusha wimbo."

"Bosi atanifukuza."

"Akufukuze. Kaka, mimi ulinificha, nimekusamehe. Huyu ana mama yake, naye hatakusamehe."

Kaka alikata simu. Chiriku alishinda siku ile na ndita usoni.

Walipotangazwa tena redioni, moja kwa moja kutoka jukwaani, wimbo ulianza chini sana, na binti aliimba bila kujikaza, akivipamba viitikio kwa madoido mengi. Chiriku hakuupenda uimbaji ule hata kidogo. Lakini aliusikiliza hadi mwisho, akampigia kaka yake kumuuliza kama bado ana kazi.