Mchochea Moto Anazungumza

Jana alasiri nilisinzia kando ya kitanda cha mama, nikaota treni ya moshi inatoka ukutani.

Treni hiyo naijua. Ni ya ile filamu ya zamani isiyo na sauti, tuliyoitazama na mama mpaka tukaichoka, na bado tukairudia. Babu Feruzi, mchochea moto, anatia makaa ya mawe tanurini kwa beleshi, anageuka, anacheka, anasema neno. Siku hiyo alikuwa amepata habari kwamba kazaliwa mtoto wa kike. Jina angelitoa siku ya saba, kama ilivyo ada. Siku ya sita homa ikamchukua babu. Bibi akakataa katakata jina litolewalo na mtu mwingine. Mama ni Binti Feruzi mpaka leo, na sasa yuko mahututi.

Basi napanda. Kanga yangu nyekundu inageuka kijivu. Mvuke unafoka kimya.

"Shikamoo, babu. Mama anauliza jina lake."

Sauti haitoki. Kinashuka kibao cheusi chenye maandishi meupe: MJUKUU ANASALIMIA.

Babu ananitazama kwa huruma, midomo inacheza. Nakisubiri kibao. MCHOCHEA MOTO ANAZUNGUMZA.

"Hilo naliona," nakiambia kibao. "Amesema nini?"

MIMI NAANDIKA KINACHOONEKANA, BIBIE.

"Mama anatuacha."

POLE SANA. FILAMU IMEBAKI NUSU DAKIKA.

Mara tumo jikoni kwetu. Tanuri limekuwa mafiga, na babu anachochea moto chini ya sufuria ya maji. Najua ni maji ya kumwoshea mama. Nalia, na kilio nacho hakisikiki.

Babu anaona. Anaokota kipande cha kaa, anavuta pindo la kanga yangu, anaandika kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa katika chuo cha Kurani. Mimi sizijui. Nataka kumbusu mkono, filamu inakatika.

Niliamka. Kanga ilikuwa nyekundu kama kawaida, ila pindoni palikuwa na masizi. Nilidhani ni ya jikoni, nikaanza kuyafuta.

"Acha," mama akasema.

Akalivuta pindo karibu na macho, yeye aliyehitimu chuo utotoni, akasoma taratibu kwa kidole.

"Raya."

Kisha akaitika, kama mtoto aliyeitwa kutoka uani:

"Labeka, Baba."